Mayai Mia Tatu na Tairi Laini

Kuku wa nyumba ile walikuwa mia moja na ishirini. Kila asubuhi walipiga kelele mpaka mke wa nyumba awafungulie. Aliwapa chakula na maji. Kisha aliokota mayai, akayafuta kwa kitambaa kikavu, akayapanga kwenye trei. Trei moja huchukua mayai thelathini. Kila Jumanne na Ijumaa trei zilikuwa kumi. Hayo ni mayai mia tatu.

Kazi ya mume ilikuwa kuyafikisha kwa mteja. Alikuwa na pikipiki, na mtaani walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Watoto wenye baiskeli walimpita huku wakimpigia kengele. Yeye hakujali.

"Wanaonicheka hawajabeba mayai," alisema.

Mteja wao alikuwa mmoja tu, mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha mikate na keki. Kila mtu alimwita Mama Mikate. Kiwanda chake kilikuwa kilomita tisa kutoka kwao. Nusu ya njia ilikuwa lami, na nusu ilikuwa vumbi, mawe na mashimo.

Mama Mikate hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifunua kila trei, akainua kila yai lililopasuka na kuliweka kwenye beseni. Jumanne moja beseni lilipata mayai kumi na mawili.

"Ijumaa yalikuwa tisa," alisema. "Leo kumi na mawili. Ndugu yangu, mimi siwezi kushinda kutwa nzima nikitoa maganda kwenye unga."

"Barabara ni mbaya, mama," Taratibu alijitetea.

"Barabara ni hiyo hiyo kwa wote. Nakupa wiki mbili. Mambo yasipobadilika, nitatafuta mtu mwingine."

Taratibu alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Mke wake alisikiliza habari ile akiwa amekaa juu ya ndoo, mlangoni pa banda la kuku.

"Hatuna mteja mwingine wa mayai mia tatu," alisema. "Akituacha huyu, itabidi kuku wauzwe. Na mimi nimewalea tangu wakiwa vifaranga."

"Hawatauzwa," Taratibu alisema. "Niachie mimi."

Alikwenda kuitazama pikipiki yake. Akaminya tairi la nyuma kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu. Akalipiga teke. Mguu ukauma. Hapo akapata wazo, na wazo lenyewe alilipenda sana. Kama tairi ni gumu, kila jiwe linapiga mayai. Tairi likiwa laini, mayai yatakaa kama yamelala kwenye godoro. Akafungua kizibo cha valvu, yaani kile kijiti cha kujazia upepo, akautoa upepo kwa msumari mpaka tairi likaanza kubonyea.

Ijumaa ile yalipasuka mayai matano tu.

"Umefanya nini?" Mama Mikate aliuliza.

"Siri ya kazi," Taratibu alijibu, akatoka kifua mbele.

Jumanne akatoa upepo zaidi kidogo. Yakapasuka manne. Ni kweli pikipiki ilikuwa nzito siku hizo. Ilikula mafuta kuliko zamani, na kwenye kona mkia wake uliyumba. Lakini Taratibu alikuwa anahesabu mayai, hakuwa anahesabu mengine.

Jioni ya Jumanne hiyo hiyo mama mkwe wake alifika. Alikuja kutibiwa macho katika hospitali iliyokuwa karibu na kiwanda cha mikate. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na goti bovu, na alitembea kwa fimbo. Taratibu alimheshimu mno. Akimsalimu aliinamisha kichwa, na baada ya salamu maneno yalimwishia. Mama mkwe naye hakupenda kumsemesha mkwe wake ovyo ovyo. Akiwa na jambo, alimwambia binti yake, naye binti alilifikisha. Kuhusu maisha ya zamani ya mama mkwe, Taratibu alijua kitu kimoja tu. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya mabasi. Siku zote Taratibu aliamini kuwa huko mama mkwe alikuwa anakata tiketi.

Asubuhi ya Jumatano mama mkwe alizunguka uani. Alipofika kwenye pikipiki alisimama. Akainama, goti likalia, akatazama tairi la nyuma kwa jicho lake zima. Kisha akageukia banda la kuku, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka jikoni.

"Jamani kuku, mnaliona hili tairi? Limekaa chini kama chapati. Na valvu yake imelala upande. Valvu ya tairi zima husimama wima. Nyinyi mna macho mazuri kuliko yangu, na hamsemi!"

Taratibu alikuwa jikoni anakunywa chai. Alisikia kila neno. Akajimiminia kikombe kingine.

Baadaye mke wake alimfuata. "Mama anasema tairi halina upepo."

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Nimelilegeza makusudi, kwa ajili ya mayai."

Mke alikwenda, akarudi. "Anasema mayai hayapandi juu ya tairi. Yanapanda juu ya boksi."

"Mke wangu, mama amekata tiketi maisha yake yote. Mambo ya barabara tuachieni sisi wa barabarani."

Mke alimtazama mume wake. Alikuwa amechoka kupeleka maneno kama posta. "Haya," alisema, akaenda kwa kuku wake.

Ijumaa ilikuwa siku ya mama mkwe kwenda hospitali. Taratibu alifunga boksi la mayai kwenye keria ya nyuma. Akabakiza nafasi kwenye kiti, akakifuta vumbi vizuri.

"Karibu, mama. Njia yetu ni moja."

Mama mkwe alilitazama tairi, akaitazama ile valvu. Sasa ilikuwa imelala kabisa.

"Ahsante, mkwe. Mimi nitatembea."

"Kilomita tisa, mama? Na goti hilo?"

"Nitatembea mpaka barabara kubwa, nipande gari. Goti nimelizoea."

Akaondoka na fimbo yake. Taratibu aliumia moyoni. Alijiona amedharauliwa mbele ya mke wake na mbele ya kuku mia moja na ishirini. Akawasha pikipiki, akampita mama mkwe njiani bila kupiga honi, akaelekea kwenye kona ya barabara kubwa.

Kwenye kona ile alishika breki. Pikipiki ikatoa mlio, *psiii*, kisha mkia ukaruka upande. Alijaribu kuishika ikakataa. Akaanguka yeye, ikaanguka pikipiki, na boksi likafunguka barabarani. Nyuma yake lori la mchanga lilifunga breki kwa nguvu. Lilisimama hatua tatu kutoka kichwani kwake.

Dereva wa lori aliteremka mbio. Alimsaidia Taratibu kusimama, wakaivuta pikipiki pembeni. Taratibu alikuwa amechubuka kiwiko na goti. Barabara ilikuwa ya njano.

Mama mkwe alifika kwa miguu. Alikuwa ameona yote kwa mbali. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umeumia wapi?" aliuliza.

"Hapa na hapa tu, mama."

Akamgusa kiwiko, akamgusa bega, akahakikisha. Kisha akashusha pumzi.

"Mwanangu, leo haya ya ukwe tuiweke pembeni. Nilisema na kuku, nikasema na mke wako. Nilipaswa kusema na wewe mwenyewe. Kosa hilo ni langu, na limenitia hofu kubwa. Sasa shika tairi lako."

Taratibu akaligusa akaurudisha mkono haraka. "Lina moto!"

"Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kila likizunguka. Likijikunja hupata moto, na ule moto hulipika taratibu. Tena halishiki vizuri kwenye rimu, lile duara la chuma. Ukishika breki, rimu inasimama, tairi linateleza mbele kidogo. Linavuta tyubu, na tyubu inavuta valvu. Ndiyo maana valvu ililala. Ilikuwa inakwambia. Leo imekatika."

Taratibu alitazama. Kweli, valvu ilikuwa imeng'oka kwenye tyubu. Shimo lake lilikuwa kubwa kama kifungo cha shati.

"Mama, wewe umejuaje haya yote?"

"Nimefunga matairi ya mabasi miaka ishirini na miwili."

"Mimi nilijua ulikuwa unakata tiketi!"

"Hukuuliza," alisema mama mkwe. Dereva wa lori aligeuza uso ili asionekane akicheka.

Kutoka pale mpaka duka la matairi hakukuwa mbali. Taratibu alisukuma pikipiki, mama mkwe akafuata na fimbo yake. Fundi wa pancha alilitoa tairi kwenye rimu. Ndani yake kulikuwa na unga mweusi, na pembeni kulikuwa na nyufa nyembamba.

"Huu unga ni tairi lenyewe limejisaga," mama mkwe alisema. "Hili halitibiki. Usimwache mtu akuambie atatia kiraka."

Mwenye duka alikuja mbio, akiwa na tairi jeusi linalong'aa. "Hili hapa, mzee! Meno marefu, bei nusu. Limebaki moja tu."

Taratibu alinyoosha mkono kulichukua. Mama mkwe akalipokea yeye. Akapitisha ukucha katikati ya meno.

"Mwanangu, angalia chini ya haya meno. Unaona nyuzi?"

"Naziona."

"Hili lilikuwa kipara. Mtu amelichonga meno mapya kwa kisu cha moto, kisha akalipaka oili ling'ae. Meno ni marefu, lakini chini yake hakuna mpira wa kutosha kukubeba. Na oili inazidi kuuharibu mpira." Akamrudishia mwenye duka. "Baba, hili mwanao angelipanda?"

Mwenye duka alikohoa. Akalipeleka nyuma ya duka, akarudi na mengine matatu ambayo hayakung'aa sana.

Mama mkwe aliyapanga ukutani. "Kazi ya kuchagua ni yako. Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nisomee. Anza na namba za ukubwa kwenye lile la zamani."

"Tatu nukta sifuri sifuri, halafu kumi na nane."

"Linganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki. Wakati mwingine hata lile la zamani mtu alikosea kufunga."

Taratibu akainama. Kwenye kifuniko cha mnyororo kulikuwa na karatasi ndogo, imejaa matope. Alikuwa na pikipiki ile mwaka wa tatu, na hakuwahi kuisoma. Akaifuta kwa mate na kidole. "Ni namba hizo hizo."

"Vizuri. Sasa tafuta namba nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa."

Tairi la kwanza lilikuwa limetengenezwa miaka minane iliyopita. Mama mkwe alilitikisia kichwa. "Tairi hukauka hata likiwa dukani. Liache."

Yalibaki mawili. Moja lilikuwa na meno makubwa yaliyoachana sana. Lingine lilikuwa na meno ya wastani, yenye mifereji katikati.

"Njia yako ikoje?" mama mkwe aliuliza.

"Nusu lami, nusu vumbi."

"Basi unachagua lipi?"

Taratibu alifikiri. "Haya makubwa yanashika vizuri kwenye tope. Lakini kwenye lami yatatikisa mayai."

"Na kwenye lami yenye maji yatateleza, na yataisha upesi. Umejijibu mwenyewe."

Akachagua lile la pili. Mama mkwe akamwagiza pia asome uzito ambao tairi linaweza kubeba. Ulitosha kwa dereva, abiria na boksi. Wakanunua na tyubu mpya, kwa kuwa tairi jipya halifungwi na tyubu iliyochakaa. Fundi alipotaka kulifunga, mama mkwe alipiga fimbo chini.

"Mshale! Tairi lina mshale ubavuni. Uelekee linakozunguka."

Fundi aliutafuta mshale, akaukuta, akaligeuza tairi bila ubishi. Kitu cha mwisho walichonunua kilikuwa kidogo kuliko vyote. Kilikuwa kipima upepo, chenye ukubwa wa kalamu.

"Kidole gumba si kipimo," alisema mama mkwe. "Na teke ndiyo kabisa."

Mama mkwe alipanda gari kwenda hospitali. Mayai yaliyopona yalikuwa arobaini na moja. Taratibu aliyapeleka kwa Mama Mikate akiwa na kiwiko kilichofungwa kitambaa. Hakuwa na siri tena. Alimweleza kila kitu, kuanzia msumari mpaka lori. Mama Mikate aliweka beseni lake kando.

"Ungeniambia tu kwamba barabara inakushinda," alisema. "Wiki mbili zako zinaisha Jumanne. Bado una siku hiyo moja. Nataka mayai, na nataka uje mzima."

Nyumbani, mke wake aliona kitambaa kabla ya kuona boksi tupu. Alimkumbatia hapo hapo uani. Hakuuliza habari za mayai mpaka alipomaliza kulia. Kisha akamgeukia mama yake, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali.

"Mama, kuanzia leo mkisemeshana, semeshaneni wenyewe. Mimi nimejiuzulu."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti.

Jumamosi walikaa wote watatu kivulini mwa ukuta, boksi likiwa katikati yao.

"Shida yako ilikuwa ya kweli," mama mkwe alimwambia Taratibu. "Mayai yanataka ulaini. Ila ulaini uliuweka mahali pabaya. Tairi kazi yake ni kubeba, na ili libebe lazima liwe na upepo wake kamili. Ulaini uweke ndani ya boksi."

Mke alileta kipande cha godoro la zamani. Walikikata, wakakitandika chini ya boksi na pembeni. Taratibu akachukua ile tyubu iliyokatika valvu, akaikata mikanda minne mirefu. Kwa mikanda hiyo walilifunga boksi kwenye keria likabana kila kona, lakini likaweza kunesa kidogo. Trei walizibana kwa ubao na kamba, zisichezecheze. Mama mkwe aliweka yai moja peke yake ndani, akatikisa boksi kwa nguvu. Yai likatulia.

Jumanne asubuhi, kabla pikipiki haijawashwa, Taratibu alipima upepo. Mama mkwe alikuwa amemweleza kuwa hupimwa tairi likiwa baridi, kwa sababu likitembea upepo hupata joto na kipimo hudanganya. Akasoma ile karatasi. Tairi la mbele lilikuwa na kipimo chake. La nyuma lilikuwa na vipimo viwili, kimoja cha dereva peke yake na kingine cha mzigo. Kile cha mzigo kilikuwa kikubwa zaidi. Taratibu alitikisa kichwa. Yeye alikuwa anatoa upepo mahali ambapo karatasi ilimwambia aongeze.

Akajaza kwa pampu, akapima tena, akafunga kizibo. Akatoa vijiwe viwili vilivyonasa kwenye meno ya tairi la mbele. Akatazama nyufa. Hazikuwepo. Akaondoka mwendo wa pole zaidi ya kawaida, kwa sababu tairi jipya huteleza siku za kwanza. Siku hiyo hata mtu mwenye mkokoteni alimpita.

Mama Mikate alifunua trei ya kwanza. Akafunua ya pili. Alipofika ya kumi, beseni lilikuwa na yai moja. Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili limedonolewa na kuku," alisema. "Hili si lako." Akachukua kalamu, akaandika jina la Taratibu kwenye daftari la oda. "Ijumaa usichelewe."

Taratibu hakutoka kifua mbele mara hii. Alishukuru, akatoka nje, akakaa kwanza kwenye ngazi ya kiwanda. Kuku hawakuuzwa.

Wiki mbili baadaye macho ya mama mkwe yalikuwa yamepona, na siku ya kurudi kwake ikafika. Begi lake lilikuwa mlangoni. Taratibu alitoa pikipiki uani, akakifuta kiti vumbi. Safari hii hakusema karibu. Alitoa kipima upepo mfukoni, akampa mama mkwe mkononi, akasogea pembeni.

Mama mkwe aliinama. Goti likalia. Akaitazama valvu ya nyuma, ikiwa imesimama wima. Akapima nyuma, akapima mbele, na safari hii akasoma namba mwenyewe, bila kusomewa. Akalinganisha na karatasi kwenye kifuniko cha mnyororo. Karatasi ilikuwa safi.

Akamrudishia kipimo chake. Akawageukia kuku.

"Haya, kwaherini," aliwaambia. "Sina neno lolote la kuwaagiza."

Kisha akampa binti yake fimbo aishike, akamshika mkwe wake begani, akapanda.

"Twende, mwanangu," alisema.